Kinyume

Paa la ghorofa ya nne, Makadara, asubuhi imeshachakaa.
Kalume ameinua antena kama mtu aliyemshikia mgeni mwavuli.
Mimi nimekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
kompyuta mapajani, kanga kichwani, nikiwinda sauti
ambayo kwa kila kipimo haipo.

Kiooni ni miyaa iliyomwagwa, mkeka haujasukwa.
"Hapa hapana kitu," asema Kalume. "Kelele tu."

Kipo. Kimelala chini ya kelele.
Kule Kilindini, ndani ya kontena la samaki,
kidude kisichozidi kiberiti chasema neno moja jembamba,
na kabla ya kulisema hulitawanya:
hulizidisha kwa msimbo wa moja na hasi moja,
chembe elfu moja na ishirini na tatu,
hata neno likawa vumbi, likatandazwa bendi nzima,
kila mahali kidogo,
mahali popote si kitu.

Shangazi Mishi alijua kazi hii kabla yangu.
Kibokoni, wageni wamejaa sebuleni, kopo limekauka,
hupaaza tu dirishani: "Risuka shaimei!"
na Bi Shekuwe akaingilia mlango wa uani
na kibakuli chini ya buibui.
Wageni walitabasamu. Labda walidhani ni dua.
Nilikuwa na miaka sita, chini ya meza,
nikizisukuma silabi zile, ya mwisho mbele, ya mwanzo nyuma,
hazikai, hazikai,
mpaka siku moja zikakaa.
Nikacheka kwa sauti. Nikala kofi.
"Lo! Hiki kitoto chasikia!"

Kipokezi nacho kina nakala ya msimbo mfukoni.
Huilaza juu ya kelele, huzidisha, hujumlisha: sufuri.
Husogea chembe moja. Sufuri.
Moja tena. Sufuri na ushei.
Kelele hufutana zenyewe, hasi kwa chanya,
kama madeni ya watu wa mtaa mmoja.

Jua lapanda. Bati lapata moto, fuwele ya saa nayo yapata moto,
mapigo yake yachepuka, kila nilichopanga chateleza.
Adhuhuri. Mwadhini mmoja, twamsikia mara tatu:
mara moja kutoka kwake, mara mbili kutoka kwa kuta.
Na kidude chetu vivyo hivyo, kimegonga makreni, kimegonga maghala.
Kalume ataka tuutupe mwangwi.
Usiutupe, namwambia. Ungoje, upange, ujumlishe.
Mwangwi nao ni yeye.

Juma lililopita, wodi ya wanawake.
Shangazi, upande wa kulia umelala.
Muuguzi, mwema, amechoka: "Anaropoka tu, dada. Tangu jana."
Jima, asema shangazi. Jima. Jima.
Nami nimesimama na mfuko wa machungwa,
mimi ninayelipwa kwa kazi hii hasa,
dakika nzima nasikia kelele.
Kisha kitu cha miaka sita
kikasogea chembe moja.

Alikunywa gilasi mbili.
Ya tatu akaniashiria ninywe mimi.

Chembe ya mia sita na kumi na moja:
katikati ya miyaa pasimama kilele, chembamba, peke yake.
Kalume apiga ukelele, antena yayumba,
chapotea, charudi.
Twalifungua neno. Nyuzi hasi kumi na nane.
Samaki hawajaharibika. Basi, ndilo neno zima.

"Jua lote hili," acheka, "kwa habari ya barafu?"

Mimi nimeshaanza kukunja waya.
Saa saba wanafungua mlango wa wodi.
Jana alisema neno refu, silabi sita au saba,
akalirudia, akanitazama,
akalirudia,
na bado sijapata linapoanzia.