Chokaa

Chumba cha hadubini hakina dirisha.
Nje, Al-Khoudh, lami inalainika kwa jua la saa nane;
humu kiyoyozi kinanila viungo,
na gamba la ubongo wa panya limelala kiooni,
jembamba kushinda utando wa kitunguu.

Nimezima taa, nimewasha ile ya samawati.
Subiri.
Hao wanajitokeza, kijani,
mmoja huku, wawili kule,
wachache mno katika umati wa giza.

Hawa ndio wasemao hapana.
Wenzao wote kazi yao kuitikia:
ndiyo, ndiyo, pokea, peleka.
Hawa husema basi,
basi, basi, mara hamsini kabla ukope haujafunga na kufunguka.

Na kila basi huwaingizia chokaa mwilini
(daftarini naandika kalsiamu)
na chokaa ikizidi, huunguza.
Kwa hiyo ndani yao mna protini za kuidaka.
Dokta Raya alinichorea ubaoni:
kidole gumba, kidole cha shahada,
na kwenye pindo lao, punje imeshikwa.
Parvalbumini. Kalbindini. Kalretinini.

Nikacheka. Hakujua kwa nini.
Nilikuwa nimekiona kijaluba,
na vidole vya mama vikibana chokaa ya ncha ya ukucha,
akipaka jani la tambuu:
"Kidogo, mwanangu. Ikizidi utalia."

Harith alianguka mara ya kwanza Mutrah,
duka la vitambaa, ana miaka tisa.
Mmoja akaleta kitunguu anuse,
mwingine akaanza kusoma.
Mama alimshika kichwa, akahesabu.
Sasa ana thelathini na moja. Vidonge vinne kwa siku,
gari haendeshi,
na kila nikirudi huniuliza kabla ya salamu:
"Umewaona? Wangapi leo?"

Kipande cha saba.
Kushoto, arubaini na mmoja.
Kulia, ishirini na sita,
na mahali patupu ninapoparudia,
narekebisha lenzi, naparudia.
Huenda rangi haikushika.
Huenda.

Huyu ni panya, nambari mia na kumi na nne.
Hana dada.
Kalamu imesimama juu ya mstari.

Simu inatetema mfukoni. Mama:
"Ukitoka pitia Ruwi.
Chokaa imeniishia."