Ufunguo wa Choo

Mwaka alioapishwa Primitiva Colque
Bunge la La Paz halikuwa na choo cha wanawake.
Waliolijenga hawakumwotea.
Akavuka barabara, kofia yake nyeusi kichwani,
akaingia kwangu, kwenye mikate:
"Mama, nisitiri."

Nikampa ufunguo.
Miaka minne nikampa.
Vidole vyake vilikuwa na sugu za nyundo,
alikuwa mponda mawe mgodini Llallagua
kabla hajawa mheshimiwa.

Siku moja kengele ya kura ikalia angali chooni.
Alitoka mbio, sketi imejaa unga,
na pensheni ya wajane wa mgodi
ikapita kwa kura moja.

Sasa wamemchongea sanamu. Kofia wameikosea.
Choo kimejengwa, kina marumaru.

Ufunguo ninao bado.
Mlango ulishaoza.