Mstari wa Arobaini na Saba

Waya mnene umetua Nyali, ng'ambo tu ya daraja,
umebeba dunia nzima tumboni.
Hapa Kibokoni, nyuma ya duka la halua,
kompyuta kumi na mbili zagawana uzi wake mmoja
kama watoto na mkate wa mofa mwisho wa mwezi.

Mimi ndiye mwenye upawa.
Seva ya Linaksi i chini ya kaunta, haina kifuniko,
feni inakwaruza.
Kila pakiti naisimamisha mlangoni:
Watoka wapi? Waenda kwa nani? Una haraka gani?
Ya sauti, ya mke anayempigia mumewe Maskati,
naitia alama ya kwanza, ipite.
Sauti haijui kungoja; ikikawia kidogo tu
"wanisikia?" yafika vipande.
Barua zifuate.
Mabao ya jana ya vijana wa meza ya tisa
yaje mwisho kabisa, na wakinuna wanune.

Hesabu ilikaa sawa hadi nilipoweka proksi.
Ni kama mtumishi mmoja anayetumwa sokoni na mtaa mzima:
akirudi na kapu, hujui tena kitunguu ni cha nani.
Pakiti zote zikaja kwa jina lake.
Hata kilichokwisha kununuliwa, kilicholala ghalani,
kikapangwa foleni pamoja na vya safarini.
Nilikesha siku tatu kwa chai ya tangawizi
nikaandika: kitokacho ghalani kiwe na alama yake,
kisipimwe, kisingoje.
Cha nyumbani hakibishi hodi.

Kila mtu alifurahi, ila Bi Mwanahija.

Huja baada ya alasiri, shilingi kazifunga penye ncha ya leso.
Meza ya nne. Kipanya hakigusi.
"Nifungulia yule."
Ukurasa wa kampuni ya meli, picha moja tu:
Badi, kofia ya manjano, jicho moja kalifumba kwa jua.
Bahari ilimchukua kabla ya Ramadhani, huko mbali,
haikurudisha hata kiatu.
Hitima ilisomwa bila jeneza.

Siku ile picha ilifunguka papo hapo, nzima.
Akashtuka, akarudisha kiti nyuma.
"Yeo mbona amekuja mbio?"

Niliwahi kumchapishia. Aliirudisha karatasi.
"Huyu haji," alisema. "Huyu yupo tu."
Sikumuelewa mpaka nilipouona ule mkono wake
umebaki hewani, karibu na kioo,
kama wa mtu aliyekuwa akimpokea mgeni.

Machi, kwenye kumbukumbu za seva, niliona:
kampuni imeubadilisha ukurasa.
Sasa kuna meli ya buluu, haina mtu.
Badi amebaki kwangu tu, kilobaiti arobaini,
na ghala lina tabia ya kukiuliza chanzo,
"Bado ni hivi?"
Chanzo kitajibu la.

Mstari wa arobaini na saba:
huyu asiulizwe popote, asizeeke,
atoke ghalani, lakini asitoke kama vya ghalani.
Nimempa foleni yake peke yake,
kilobiti nane kwa sekunde.
Vijana wa mabao wakijua watanicheka;
hakuna kitu katika nyumba hii kilicho polepole zaidi.

Kofia kwanza.
Kisha paji.
Kisha lile jicho.
Bi Mwanahija ameinama mbele, leso mkononi.
Sijamwambia kuhusu meli ya buluu.
Bado mabega hayajafika.