Aliyekohoa

Mwezi ule kila mlango wa Kadutu ulikuwa na ndoo,
maji ya klorini, na mtu wa kukuelekezea kipimajoto
kwenye paji la uso kama anayedai deni.
Nilivumilia. Nilinawa mpaka vidole vikachunika.
Kilichonishinda ni kikohozi,
si changu, cha mtu yeyote:
cha muuza sambaza kwenye ngazi za udongo,
cha padri katikati ya misa ya watu ishirini.
Mtu akikohoa, magoti yangu yalijikunja yenyewe,
yakatafuta gunia.

Mimi ni fundi wa cherehani. Korona ilinipa kazi:
barakoa mia tatu za shule ya masista,
kitenge nje, pamba ndani, mpira kila upande.
Za walimu nilishona vizuri.
Za watoto, sindano ilikatika.
Nikabadilisha. Ikakatika.
Mashine haina kosa, alisema Zihindula, mume wangu,
akaitia mafuta, akaenda zake.
Ukubwa ule niliujua kabla ya kuupima:
ni kiganja cha mama, kutoka puani hadi kidevuni,
kikinuka kitunguu na mafuta ya taa.

*

Stoo ya makala ya Mama Ntakwinja. Nilikuwa na miaka saba.
Magunia kumi na moja, sisi wanne katikati yake.
Mvua juu ya bati, buti ndani ya matope,
na vumbi jeusi likinishuka kooni taratibu
kama mgeni anayeijua njia.
Mama alikuwa na mikono miwili tu:
mmoja kwa Akonkwa, aliyekuwa bado ananyonya,
mmoja kwangu.
Akonkwa akajinyonganyonga. Mama akaihitaji yote miwili.
Nafasi ya pumzi moja, basi.

Nilikohoa.

Buti zikasimama.
Baba akainuka kutoka kwenye makala, mweusi mpaka kope,
akapangusa magoti,
akasema kwa sauti ya sokoni, ile ya kupatana bei:
"Ni mimi niliyekohoa. Niko peke yangu."

Tangu hapo, nyumbani kwetu,
watu walikohoa ndani ya mto.

*

Kwenye kituo cha afya, dada mwenye koti jeupe aliniuliza
usingizi ulianza kunikimbia lini.
Mwezi wa tatu, nikasema.
Akaandika: mwezi wa tatu.
Mama mkwe alikuwa ameshasema ni mawazo, yatapita,
kunywa maziwa ya moto. Nikanywa.
Yalipita, ndiyo. Usiku, moja moja,
yakihesabu magunia.

Kisha siku moja ya posho, foleni ya unga pale Nyawera,
Asifiwe wangu, anayetimiza saba mwezi ujao,
alikohoa mara mbili.
Vumbi tu, au pilipili ya mtu aliyekuwa akikaanga.
Foleni ikageuka: macho matupu juu ya vitambaa.
Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake.
Mlinzi akaanza kuja. Sikuuona uso wake, niliona buti.
Mkono wangu ulishapanda kumziba mwanangu kinywa,
ukafika hewani, ukakwama,
na nikasikia sauti ya sokoni ikinitoka:
"Ni mimi niliyekohoa."

Mlinzi akanitazama.
Akaninyunyizia dawa viganjani.
Mama, akasema, sogea mita moja.

Mita moja!
Nikasogea. Nikasogea tena, nikatoka kwenye foleni,
nikicheka kama mwehu, kitambaa kimelowa machozi,
unga nikausahau.

Njiani Asifiwe akauliza kwa nini nilidanganya.
Kutoka barabarani hadi kwetu kuna ngazi mia moja na nne,
na zilikuwa zinateleza.
Nikamshika mkono.
Nilianzia kwenye magunia.