Mikasi ya Tumboni

Mama hutikisa mbaazi kabla jua halijakolea,
amekinga chini sari kuukuu, ile ya harusi ya Gouramma
ambayo deni lake bado tunalilipa,
nao huanguka: pa. Pa. Pa.
Kijani, kahawia, mmoja wa waridi kama ufizi.
Anapiga fundo. "Peleka huko kazini kwenu Kalaburagi,
mkawaulize njaa gani hii isiyo na adabu."

Ndani ya basi nimepakata fundo.
Jirani yangu adhani ni chakula.
Hajakosea.

Maabarani nawalaza juu ya barafu mpaka wasahau.
Kisha kisu, maji ya chumvi, pumzi nimeibana:
utumbo watoka mzima kama uzi wa pindo,
umejaa jani na haraka.
Maji yake makali, magadi matupu,
na humo mna mafundi nisiowaona,
vimeng'enya, mikasi elfu kwa elfu
ikikata mnyororo wa protini pingili kwa pingili
hadi jasho la mama
ligeuke mnofu wa kiwavi.

Nadondosha tone juu ya filamu ya eksirei.
Jelatini yaliwa. Baada ya nusu saa
nasuuza, nainua kwenye taa:
doa angavu, dirisha lisilo na nyumba.
Hasara yetu nimeipima kwa rula.
Milimita saba.

Mmea nao si mjinga. Punje zake zina kufuli,
vizuizi vinavyojikita katikati ya makali ya mkasi
visitoke.
Tukawalisha kufuli hizo tupu, tukangoja.
Siku ya kwanza walisinyaa.
Ya pili, walijikokota pembeni mwa sahani.
Ya tatu nikapasua mmoja, nikadondosha tone,
na doa likarudi, saba vilevile.
Tumbo lilikwisha kuiweka kando mikasi ya zamani
likafua mingine ambayo kufuli haiijui.

Daktari Hiremath alivua miwani, akacheka bila furaha:
"Miaka kumi na minne nasomea utumbo huu.
Wenyewe umehitimu Jumatano."

Jioni nikampigia mama. Nikamweleza yote,
kufuli, mikasi, siku ile ya tatu.
Alikuwa ameibana simu begani. Alinyamaza,
nikasikia majani, kisha pa,
kisha pa,
kisha akauliza
kama wiki ijayo nitahitaji wengine.