Hesabu ya Mabaki

Jumanne na Ijumaa damu yangu huenda matembezi
ikarudi imefuliwa, imepigwa pasi
kama sare ya shule alfajiri ya Jumatatu.
Saa nne kitini. Nikikojoa kijiko, nashangilia.

Anayenifunga mirija ni Sista Umazi.
"Jefwa, hunikumbuki?
Mbili, pilipili nyingi, kachumbari usinibanie."
Nikamkumbuka kwa sauti, si kwa uso:
mteja wa saa tatu usiku, kona ya Maweni.

Miaka kumi na mmoja nilipasua smoki
kwa kisu kimoja.
Zilizouzika zililipa karo ya Dzame.
Zisizouzika nilizila mimi.
Hasara haitupwi, hutiwa tumboni.
Kadzo akinipakulia mchicha wa nazi
namwambia nimeshiba, wape kuku.

Kwenye pakiti paliandikwa kitu, herufi za sisimizi.
Mimi namba nilizosoma ni za M-Pesa.
Daktari ndiye aliyenitafsiria:
nitriti, chumvi inayoizuia nyama kuzeeka,
ibaki na waridi lake mwezi mzima.
Kumbe.
Nyama haikuzeeka,
nimezeeka mimi kwa niaba yake.

"Basi ndiyo iliyoniua figo?"
Akakuna kidevu. "Presha ipo.
Vidonge vya mgongo ulivyomeza kama njugu, vipo.
Kisima chenu, hatua sita kutoka chooni, kipo.
Wote wamesimama gwarideni, Jefwa.
Siwezi kukunyooshea mmoja kidole nikaapa."

Na mchicha? Nao una chumvi ya ukoo huohuo,
alisema, ila huja kama bi harusi,
na kungwi wake, na mkeka wake.
Ile nyingine iliingia peke yake, usiku,
viatu mkononi.

Waliosema kipendacho moyo ni dawa
hawakuiuliza figo.

Sasa mchicha ninautamani, na Kadzo ameambiwa
auchemshe mara mbili, maji ayamwage,
usije ukanisimamisha moyo.
Nautafuna. Ladha ya risiti.

Leo Sista Umazi ananipima presha, kimya,
kisha, bila kuniangalia:
"Mimi kwa wiki nilikuwa nakula ngapi?"
Ningeweza kusema nimesahau.
Muuzaji hasahau.

"Kumi na mbili."

Akaandika kwenye faili.
Sijui aliandika presha yangu
au ile kumi na mbili.