Ng'ombe Mia Nne na Kumi na Wawili

Jumatatu, saa mbili kasoro, ukungu bado umeyakalia malisho ya São Jorge,
nikafungua jedwali la ng'ombe kama nifanyavyo mwaka wa kumi na nne huu,
na kila mstari ukaniambia neno moja:
imefutwa.

Jina: imefutwa. Mwenye ng'ombe: imefutwa.
Lita za asubuhi, lita za jioni, imefutwa, imefutwa,
hadi chini kabisa, ambapo hesabu ilisimama bila aibu:
mistari mia nne na kumi na miwili.
Haukupungua hata mmoja.
Nani afutaye wote kisha akawahesabu kuwa wamo?

Nje ya dirisha Mimosa wa Hermínio alikuwa anakula nyasi za uzio wetu,
hereni yake ya njano ikimchezacheza sikioni.
Nikamwambia: dada, wewe hupo.
Akanitazama, akaendelea kutafuna.

Mwisho wa wiki seva ilihamishiwa Angra, kisiwa cha pili;
huku kwetu kilibaki kioo tu, na waya wa kuulizia.
Nikafanya ya mtu asiyejua: nikafunga, nikafungua,
nikazima, nikawasha, nikachomoa waya nikaupuliza.
Imefutwa.

Nikampigia Zeferino.
"Usiguse kitu," akasema. "Usije ukafuta kilichofutwa."
Kisha: "Na jedwali la madume?"
Nikalifungua. Madume tisa, wazima,
Trovão juu kabisa, na uzito wake.
Kimya kwenye simu. Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani.
"Madume mliwapa namba gani?"
Moja hadi tisa; walikuja kabla ya sheria ya hereni.
"Na majike?"
Ile ya sikioni. Tarakimu kumi na mbili.

Ndipo akanieleza:
kompyuta yako haichukui ng'ombe wote kwa mkupuo.
Kwanza huomba funguo tu,
kisha hurudi mlangoni kumwita mmoja mmoja.
Lakini programu yako ni ya zamani, kiganja chake kidogo,
hushika namba hadi bilioni mbili na ushei, zaidi ya hapo humwagika.
Basi inabisha hodi kwa jina lililokatwa mkia,
seva inajibu kwa adabu: huku hatuna mtu huyo.
Nayo, badala ya kukiri sijui kuita,
inaandika: imefutwa.

Nikamkumbuka shangazi Belmira kule Toronto,
karani wa kiwanda alivyolivunja jina lake miaka ishirini,
barua zetu zikarudi na muhuri: hajulikani.
Hajulikani, naye yuko ghorofani anakaanga vitunguu.

Dawa ilikuwa fupi kuliko maelezo.
"Nani hujumlisha namba za hereni?" Zeferino akauliza.
Hakuna.
"Basi hiyo si namba. Ni jina. Tuiandike kama jina."
Angra wakaigeuza safu ile kuwa maandishi;
mimi nikakata kiungo cha zamani, nikaunganisha upya,
nikachagua ufunguo kwa kidole kisichojiamini.

Skrini ikajaa kuanzia juu.
Estrela. Pombinha. Mimosa, lita kumi na nane.

Saa nne Hermínio akaingia na matope yake,
akavaa miwani, akasoma, akagonga kioo kwa ukucha:
"Kumi na nane? Jumamosi alitoa ishirini na moja!"
Nikaitafuta Jumamosi. Haikuwepo.
Hiyo, kusema kweli, haikufutwa na mtu.
Mimi ndiye sikuiandika.